Sifa za mlango na sifa za picha

Mtu anapoweka mezani picha ya mlango wa zamani, maoni ya kwanza karibu kila mara huwa juu ya mlango wenyewe: mbao zake, rangi yake iliyobanduka, kitasa chake cha enzi za Wabelgiji. Mpiga picha huzipokea sifa hizo kwa furaha, ilhali zote ni za seremala, za jua na mvua, na za miaka iliyopita, na kazi yake mwenyewe bado haijaguswa na mtu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikipiga picha za majengo hapa Lubumbashi na kukaa na vijana kutazama kazi zao, na sijaona mada inayopotosha maoni kuliko mlango mkuukuu, kwa kuwa uzee una uzuri wake ambao mpiga picha anaukuta tayari.

Mji wetu una uzuri wa aina hiyo kila upande. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville kwa ajili ya shaba, na nyumba nyingi za matofali za miaka iliyofuata bado zinakaliwa. Magofu ya migodi nayo yanavutia kamera yoyote. Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa, alipopiga picha za majengo yaliyochakaa ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, hakuyaacha yavutie kwa uchakavu wao tu. Aliweka juu yake watu kutoka picha za zamani zilizohifadhiwa tangu enzi ya ukoloni, hivyo mtazamaji akalazimika kujiuliza nani alifanya kazi pale. Huo ni uamuzi, na uamuzi ndio unaostahili kujadiliwa.

Kwa hiyo mimi huwaomba watazamaji waanze kwa kutaja yale ambayo mpiga picha aliyaamua: alisimama wapi, aliishika kamera kwa kimo gani, saa ngapi, alikata nini pembeni, aliacha giza kiasi gani. Baada ya hapo ndipo waseme kama uamuzi huo umefaa.

Nitoe mfano. Kijana mmoja alileta picha ya mlango wa nyumba moja ya Kamalondo, mtaa wa hapa mjini, mlango wa pande mbili uliopakwa kijani, rangi imepasuka vipande vidogo hadi mbao zinaonekana chini yake. Wenzake walisifu rangi. Mmoja akasema, “Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu hapa), mlango umeinama.” Hayo yalikuwa maoni ya kwanza juu ya picha, lakini yalihitaji kunyooshwa, kwa sababu kuna vitu vitatu vinavyoweza kuinama. Miimo miwili, yaani nguzo za pembeni za mlango, ikiinamiana kuelekea juu, kamera ndiyo iliyoelekezwa juu, na dawa yake ni kurudi nyuma, kuishika kamera kwa kimo cha katikati ya mlango na kuisimamisha wima. Miimo ikilala upande mmoja pamoja na mistari ya matofali, mkono ndio uliolala. Lakini mwimo mmoja ukilala peke yake huku mistari ya matofali imetulia, basi ni nyumba iliyoketi vibaya kwenye udongo, na anayeunyoosha mwimo huo kwa programu anaifuta habari ya kweli. Tulitazama matofali, tukakuta miimo yote miwili inainamiana. Alikuwa amesimama karibu mno, akainua simu ili kizingiti cha juu kiingie.

Kuhusu mwanga, ushauri uliozoeleka ni “rudi asubuhi” au “ngoja jioni”. Mara nyingi unafaa, kwa sababu mwanga unaotoka ubavuni huonyesha kila ufa wa rangi na kila kichwa cha msumari. Hata hivyo, ni ushauri mtupu kama anayeutoa hajauliza mlango unatazama wapi. Lubumbashi iko karibu digrii 11.7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua letu hupita upande wa kaskazini kutwa nzima, kwa hiyo mlango unaotazama kusini hukaa kivulini tangu asubuhi hadi jioni, na kijana atarudi mara ngapi asipate chochote. Mlango huo huo hupata jua la moja kwa moja kutwa, hata adhuhuri, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari, yaani wakati wa mvua, mawingu yakiruhusu. Nisingemkataza mtu kuupiga kivulini. Kivuli hulainisha rangi. Ninachotaka ni maoni yanayojua jua liko wapi.

Mlango ulio wazi una ugumu wake, kwani ndani ni giza na nje ni mwangaza mkali. William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alikabiliana na jambo hilo huko Lacock, Uingereza, mwaka 1844: aliegemeza ufagio kwenye mlango, akaacha ndani kuwe giza, na ndani ya giza hilo dirisha la nyuma likaonekana kwa mbali. Ufagio ule uliwekwa makusudi. Anayeniletea mlango wazi, humuuliza alitaka jicho langu liingie hadi wapi.

Kwa anayepokea maoni nina ombi moja kubwa: anyamaze kwanza. Akianza kusimulia kwamba nyumba ilikuwa ya babu, au kwamba alitembea mbali kuifikia, watazamaji wataijibu hadithi na kuiacha picha. Aulize pia swali dogo, kwa mfano, “Je, giza hili limezidi?” Swali la “mnaionaje?” huzaa heshima tupu, hasa pale ambapo mdogo anaombwa kumhakiki mkubwa. Ndiyo maana katika vikao vyetu huweka picha yangu kwanza na kuwaachia wadogo waanze kusema, na mimi sijibu hadi wamalize.

Maoni yaliyonigusa kuliko yote juu ya ule mlango wa kijani yalitoka kwa mama mwenye nyumba, ambaye kijana alipiga hodi kwake akampelekea nakala. Aliitazama, akasema, “Mwanangu, mbona umenikatia ngazi?” Ngazi ile ni ya saruji, imelika katikati kwa nyayo, na ndipo anapokaa jioni. Sisi sote tulikuwa tumeitazama rangi.

Kijana alirudi kwa ruhusa yake, akasimama mbali zaidi, ngazi ikaingia, na miimo ikanyooka. Pamoja nayo uliingia waya wa umeme unaoning’inia upande wa kushoto, na sasa mjadala uko hapo. Wengine wanataka aufute kwa programu. Mimi nasema aubakize, kwa kuwa nyumba inakaliwa na waya huo ndio unaoiwashia taa, ila asogee hatua moja kulia ili usiikate bawaba ya juu.