Kitambuzi cha mwanga hakipigi picha DNA ya nyuzi nne

Walimu wa baiolojia wa hapa Kisumu tukikutana kuandaa wanafunzi kwa kongamano la sayansi, hakosi mtu wa kutuarifu kwamba wanasayansi "wamepiga picha DNA ya nyuzi nne ndani ya seli hai". Wanafunzi nao wanainakili hivyo hivyo kwenye miradi yao. Nafurahi sana habari hii inapozungumzwa huku kwetu, lakini ikisemwa namna hiyo inapoteza sehemu yake tamu kuliko zote.

Maana yake kwa ufupi. DNA tuliyoizoea ni nyuzi mbili zilizosokotana, kama Watson na Crick walivyoeleza mwaka 1953. DNA huandikwa kwa kemikali nne tunazoziita herufi: A, T, C na G. Pale ambapo herufi G, yaani guanini, zimefuatana kwa wingi, uzi unaweza kujikunja, guanini nne zikashikana mraba, miraba ikapandana, na ayoni za potasiamu zikakaa katikati kuishikilia. Umbo hilo ndilo G-kwadrupleksi. Si mabadiliko ya jeni: herufi ni zilezile, kilichogeuka ni mkunjo tu. Kitambuzi cha mwanga ni molekuli inayopenya hadi kwenye kiini cha seli, ikajishikiza kwenye DNA, na ikipigwa na leza inang'aa.

Sasa hiyo "picha". G-kwadrupleksi ina upana wa nanomita mbili na kitu. Hadubini ya kawaida ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kuliko nanomita 200 hivi. Kwa hiyo hakuna aliyeweka jicho kwenye hadubini ya namna hiyo akaiona ile miraba. Kinachoonekana ni mwanga wa kitambuzi, na kazi yote ngumu ni kujua mwanga huo unasema nini.

Wengi wanadhani palipong'aa zaidi ndipo penye nyuzi nne nyingi. Hapana. Simama Dunga usiku wavuvi wa omena wakiwa ziwani: doa lenye mwanga mkali kule mbali laweza kuwa taa moja kali, au taa kadhaa hafifu zilizokusanyika, na ukiwa ufukweni huwezi kujua. Kitambuzi nacho hujishikiza pia kwenye DNA ya kawaida, ambayo imejaa tele ndani ya kiini. Mng'ao mkali unaweza kumaanisha tu kwamba kitambuzi kimerundikana hapo.

Ndiyo maana kazi ya Marina Kuimova na Ramon Vilar, wa Imperial College London, inanivutia mno. Kitambuzi chao, DAOTA-M2, hakipimwi kwa ukali wa mwanga bali kwa muda. Leza ikikipiga, kinang'aa kwa nanosekunde chache kisha kinazimika, na nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kikiwa kimeshikamana na G-kwadrupleksi, kinachelewa kuzimika kuliko kikiwa kwenye DNA ya nyuzi mbili. Muda huo haubadiliki kwa sababu ya wingi wa kitambuzi ndani ya seli, kwa hiyo lile tatizo la mrundikano linaondoka. Mwaka 2021 walionyesha kwa njia hiyo kwamba seli zikipungukiwa na vimeng'enya FancJ au RTEL1, ambavyo hukunjua maumbo haya, muda wa kung'aa unabadilika. Yaani waliifuatilia kazi ya kukunjua DNA ndani ya seli ikiwa hai, bila kuliona umbo lenyewe.

Na neno "hai" lisitajwe kama pambo. Mwaka 2013 kikundi cha Shankar Balasubramanian cha Cambridge kilionyesha maumbo haya katika seli za binadamu kwa kutumia kingamwili (protini inayoshika umbo maalumu) iitwayo BG4, lakini seli hizo zilikuwa zimegandishwa kwa kemikali, yaani zimekufa. Katika seli hai kuna hatari nyingine: kitambuzi kikiwa kingi, chenyewe kinaweza kuilazimisha DNA ijikunje, ukaripoti kitu ulichokitengeneza mwenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa Cambridge walikwepa hatari hiyo kwa kutumia kitambuzi kidogo sana, kiasi cha kufuatilia molekuli moja moja.

Sisi wa kando ya ziwa tuna sababu yetu ya kufuatilia. Takriban asilimia 80 ya jenomu, yaani DNA yote, ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kinachotusumbua, ni herufi A na T, kwa hiyo G ni chache. Hata hivyo mifuatano inayoweza kujikunja kwa nyuzi nne imepatikana kwenye ncha za kromosomu zake, na karibu na baadhi ya jeni za var, zile zinazokiwezesha kubadilisha vazi lake ili kinga ya mwili isikitambue.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikuletea ile picha ya kiini chenye rangi za kupendeza, usimfutie mradi. Mwombe abadilishe maelezo yaliyo chini yake tu. Aandike kwamba rangi zile zimepakwa na kompyuta, kila rangi ikiwakilisha muda ambao kitambuzi kilichukua kuzimika mahali pale, na kwamba palipochelewa ndipo panapodhaniwa kuwa na G-kwadrupleksi nyingi zaidi.