Figo mpya inafanya kazi, mbona mifupa inadhoofika?

Je, wajua kwamba mtu aliyepandikizwa figo, figo ikashika na vipimo vikatoka vizuri, bado anaweza kuvunjika nyonga kwa kuteleza tu bafuni? Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ianze kupandikiza figo mwaka 2017, hapa Dar es Salaam wapo watu walioachana na mashine ya kusafisha damu na kurudi kwenye shughuli zao. Ndugu wakimwona mgonjwa wao amenawiri, wanashukuru Mungu na kuona yamekwisha. Mifupa hakuna anayeiulizia.

Tatizo lenyewe huanza miaka mingi kabla ya upasuaji. Figo haitengenezi mkojo tu. Ndiyo inayoikamilisha vitamini D ili utumbo ufyonze kalsiamu ya chakula, na ndiyo inayotoa fosforasi iliyozidi. Ikishindwa, fosforasi hujaa kwenye damu na kalsiamu hushuka. Hapo tezi nne za shingoni, ndogo kama punje za mchele, humwaga kwa wingi homoni ya parathiroidi, ambayo huilazimisha mifupa kuachia kalsiamu yake. Na mifupa, pamoja na meno, ndiyo yenye takriban asilimia 99 ya kalsiamu yote mwilini, basi huchotwa humo mwaka hadi mwaka, mgonjwa hana habari.

Figo mpya ikija, tezi hizo zimeshavimba na hazitulii mara moja. Kwa baadhi ya watu huendelea kumwaga homoni hata baada ya mwaka mzima. Matokeo yake ni kalsiamu kupanda kwenye damu, huku figo mpya ikitupa fosforasi nyingi hadi inapungua. Ndiyo maana kujinunulia vidonge vya kalsiamu duka la dawa, kwa kuwa jirani kasema vinaimarisha mifupa, si jambo la kujaribu kabla ya kupima damu.

Halafu kuna prednisoloni. Ni miongoni mwa dawa zinazozuia mwili kuikataa figo, lakini huzifubaza seli zinazojenga mfupa na kupunguza kalsiamu inayofyonzwa tumboni. Dozi huwa kubwa mwanzoni, na ndiyo sababu mifupa hupungua kwa kasi zaidi katika miezi 6 hadi 12 ya kwanza. Hata hivyo, asithubutu mtu kuiacha au kuipunguza kwa uamuzi wake. Figo inaweza kukataliwa, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya mfupa.

Kinachozichanganya familia nyingi ni chakula. Mgonjwa akiwa kwenye mashine alikatazwa dagaa, maharage na soda nyeusi kwa sababu ya fosforasi. Baada ya kupandikizwa, fosforasi ikishuka, anaweza kuambiwa ale dagaa wale wale, na mifupa yao. Mpishi nyumbani anabaki kuuliza ashike lipi. Yote mawili ni sahihi kwa wakati wake, na majibu ya damu ndiyo yanayoamua. Maziwa anywe, ila yawe yamechemshwa, maana kinga yake imeshushwa kwa makusudi.

Jua la Dar, linaloupa mwili vitamini D, nalo tusilitegemee kupita kiasi. Wengi hushinda ofisini au dukani, na dawa za kushusha kinga huongeza hatari ya saratani ya ngozi, kwa hiyo kuota jua la mchana kwa saa nyingi si tiba. Kutembea asubuhi kunafaa zaidi, kwani mfupa unaobebeshwa uzito hujiimarisha.

Kwa maoni yangu, swali la mifupa liulizwe kliniki mapema, mtu akiwa mzima: kalsiamu, fosforasi, vitamini D na homoni ya parathiroidi zikoje, na je, kipimo cha uzito wa mifupa kinahitajika? Akianza kuumwa kinena au nyonga, asikimbilie diklofenaki, maana dawa hiyo huiumiza figo. Aende kwa daktari wake. Prednisoloni inaweza kusababisha damu isifike vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa ukaanza kufa. Eksirei ya mwanzo inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo maumivu yakiendelea, aulizie kipimo cha MRI.