Kabla hujaruka kutoka Wilson: kimo, joto na mafuta

Wilson, kiwanja cha ndege ndogo, iko kando ya Lang'ata Road, kilomita chache kutoka katikati ya Nairobi, na kusini inapakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wengi husema shida yake ni njia fupi za kurukia. Njia zenyewe ni mbili, 07/25 na 14/32 (namba huonyesha mwelekeo wa njia), kila moja ikiwa na mita 1,500 hivi, na kwa ndege nyepesi hizo zinatosha. Kinachoamua mambo pale ni kimo: futi 5,536 juu ya usawa wa bahari.

Piga hesabu. Kwa kimo hicho, joto la kawaida katika jedwali la anga ni nyuzi 4 hivi. Mchana wa Februari likifika nyuzi 27, tofauti ni 23. Kila nyuzi moja inayozidi ongeza futi 120, upate futi 2,760. Maana yake, shinikizo likiwa la kawaida, injini na mabawa vinafanya kazi kana kwamba viko kwenye futi 8,300. Injini ya pistoni isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hubakiwa na robo tatu hivi ya nguvu zake, na mbio za kuruka huongezeka kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na Mombasa.

Rubani aliyezoea pwani hukwama hapa. Kipima kasi kikisoma noti 55 (maili za baharini kwa saa), magurudumu yanakimbia kwa noti 62 hivi hata kama hakuna upepo. Ardhi inapita kasi, macho yanamwambia ndege iko tayari, anavuta usukani mapema. Ndege inanyanyuka kidogo ikibebwa na hewa iliyobanwa kati ya mabawa na lami, halafu inakataa kupanda. Dawa ni moja: amini kipima kasi, usiamini macho, na kabla ya kuanza chagua mahali kwenye njia ambapo utasimamisha ndege ikiwa kasi haijafika.

Kosa la pili ni la mafuta. Ukisukuma wenzo wa mchanganyiko wa mafuta na hewa mpaka mwisho kama ufanyavyo Malindi, injini inapata petroli nyingi kuliko hewa. Inatetemeka, inapoteza nguvu, na plagi zinashika masizi na risasi. Kwa ndege kama Cessna 172 yenye propela isiyobadilika pembe, shika breki, fungua nguvu zote, kisha vuta wenzo polepole ukiangalia mizunguko ya injini kwa dakika. Itapanda, ifike kilele, ianze kushuka. Rudisha mpaka kileleni, ongeza mafuta kidogo, uache hapo. Injini zenye tabo zina utaratibu wao, soma kitabu cha ndege yako. Unapoendesha ndege ardhini pia punguza mafuta, na unaporudi kutua usiusukume wenzo mpaka mwisho kwa mazoea. Ukilazimika kupaa tena utakosa nguvu wakati unazihitaji kuliko wakati wowote. Ukipima magneto, vifaa viwili vinavyozipa plagi umeme, na upande mmoja ukatetemeka, mara nyingi ni plagi chafu. Ikimbize injini dakika moja hivi kwa mchanganyiko mwembamba, yaani wenye mafuta machache, upime tena. Isiposafika, rudi kwa fundi.

Uzito nao unahesabika: lita 40 za avgas, petroli ya ndege za pistoni, ni kilo 29 hivi. Kuchagua saa ya kuruka kunasaidia zaidi. Asubuhi yenye nyuzi 13, ile futi 8,300 inashuka hadi 6,600. Ndiyo maana napendekeza mwanafunzi aruke mapema, isipokuwa Juni hadi Agosti, ambapo mawingu mazito hulala chini hadi katikati ya asubuhi.

Kiwanja hiki hakikupangiwa ndege zinazokitumia leo. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mwaka 1929 kwa ndege moja, Gipsy Moth yenye injini ya nguvu za farasi 100 hivi, rubani wake akiwa Tom Campbell Black. Vita vilipoanza mwaka 1939, ndege na marubani walichukuliwa na jeshi, na kampuni haikurudi. Embakasi ilipofunguliwa mwaka 1958, ndege kubwa zilihamia huko kutoka Eastleigh, na kiwanja hiki, kilichoitwa Nairobi West, kikabaki cha ndege ndogo. Jina la Wilson kilipewa mwaka 1962.

Leo pale kuna Aero Club of East Africa, iliyoanzishwa mwaka 1927; Flying Doctors wa AMREF, huduma ya madaktari wa ndege iliyoanza mwaka 1957; ndege za polisi na za Shirika la Wanyamapori; shule za urubani, karakana, na mafuta ya aina zote mbili, avgas na Jet A-1 ya injini za jeti. Forodha na uhamiaji vipo, kwa hiyo unaweza kutoka nchini moja kwa moja. Kwenye kituo cha mafuta simama mwenyewe, usije ukajaziwa mafuta yasiyo yako. Avgas 100LL ni ya samawati, Jet A-1 karibu haina rangi. Baada ya kujaza, subiri kidogo kisha chota sampuli kila kizibo cha chini ya tangi: maji hutulia chini ya petroli kama tone wazi lisilo na rangi.

Kuchanganyika kwa ndege ndogo na kubwa ndiko kunakonitia hofu zaidi. Cessna ya mafunzo inayozunguka kwa noti 80 hugawana anga na Dash 8, ndege ya abiria ya tani 15 na zaidi. Tarehe 5 Machi 2024 ndege za aina hizo mbili ziligongana juu ya mbuga; mwalimu na mwanafunzi wa Cessna walifariki, Dash 8 ikarudi salama na watu 44. Kwa hiyo ukiwa mzungukoni, yaani kwenye njia ya kuzunguka kiwanja, usingoje mnara ukuambie kila kitu. Sikiliza kila mwito, jua nani yuko mbele na nani anakuja nyuma kwa kasi zaidi, taja mahali ulipo halisi, na washa taa ya kutua hata mchana. Ukiambiwa "unaiona ndege iliyo mbele?" na huioni, jibu huioni.