Wageni waliomlinda Mfalme Daudi

Orodha za wakuu wa Daudi katika 2 Samweli 8 na 20 watu wengi huziruka. Mimi nafundisha Agano la Kale, na darasani sikubali zirukwe. Yoabu mwana wa Seruya yuko juu ya jeshi. Benaya mwana wa Yehoyada yuko juu ya Wakerethi na Wapelethi, walinzi wa mfalme waliokuwa wageni. Hivyo ni vikosi viwili, kila kimoja na mkuu wake, na kila kimoja kilimtii mfalme kwa namna yake. Ukishika tofauti hiyo, utaelewa kwa nini kiti cha enzi cha Yerusalemu kilibaki katika ukoo mmoja.

Jeshi la Yoabu kwa sehemu kubwa lilikuwa la makabila. Tarumbeta ikilia, mtu wa Yuda au wa Benyamini aliacha shamba lake akaenda vitani, na vita vikiisha alirudi kwake. Wazee wake na ukoo wake ndio aliowajua kwanza; mfalme alifuata baadaye. Kwa hiyo Absalomu, mwana wa Daudi, alipojitangaza mfalme huko Hebroni na mioyo ya watu wa Israeli ikamwelekea, Daudi alilazimika kuukimbia mji wake mwenyewe. Sura ya 15 ya 2 Samweli inataja waliotoka pamoja naye: Wakerethi wote, Wapelethi wote, na Wagiti 600 waliomfuata kutoka Gathi.

Gathi ni mji wa Wafilisti, alikotoka Goliathi. Wakerethi nao waliishi upande wa kusini jirani na Wafilisti, na Ezekieli na Sefania huwataja watu hao wawili pamoja. Wataalamu wengi huhusisha asili ya Wakerethi na kisiwa cha Krete. Katika siku yake mbaya kuliko zote, basi, mfalme wa Israeli alizungukwa na watu wa taifa alilopigana nalo tangu ujana. Daudi anamsihi Itai Mgiti arudi, kwa kuwa ni mgeni aliyefika jana tu, hana sababu ya kutangatanga naye. Itai anaapa kwa jina la BWANA kwamba atakuwa popote bwana wake atakapokuwa, iwe kufa iwe kuishi. Sijui maneno ya utii yanayonigusa kuliko haya katika habari zote za Daudi, na aliyeyasema ni Mfilisti. Sura ya 18 inamkuta akiongoza theluthi nzima ya watu wa Daudi, sawa na Yoabu na Abishai.

Daudi aliijua kazi hii, ya mgeni kumtumikia mfalme, kwa kuifanya. Alipomkimbia mfalme Sauli alijiweka chini ya Akishi mfalme wa Gathi, akakaa katika nchi ya Wafilisti mwaka mmoja na miezi minne, na Akishi akamwahidi kumfanya mlinzi wake wa daima. Kabla ya hapo alikuwa ameona pia udhaifu wa walinzi wa Sauli, ambao walikuwa wenyeji. Sauli aliwaamuru wawaue makuhani wa Nobu, wakakataa kunyosha mkono. Aliyekubali ni Doegi Mwedomi, mgeni, akaua makuhani 85 siku hiyo. Msomaji asisahau upande huo wa mambo. Mtu asiye na ukoo karibu humshika bwana wake tu, na akiwa na bwana mbaya hufanya maovu ambayo mwenyeji angekataa.

Benaya mwenyewe hakuwa mgeni. Alitoka Kabseeli, kusini mwa Yuda, na alisifiwa kwa kumuua simba ndani ya shimo siku ya theluji, na kwa kumnyang'anya Mmisri mkuki na kumuua kwa mkuki huohuo. Lakini nguvu yake hasa inaonekana katika 1 Wafalme 1. Daudi ni mzee, hatoki kitandani. Mwanawe Adoniya anajipatia magari, wapanda farasi, na watu 50 wa kupiga mbio mbele yake, kama Absalomu alivyofanya. Walinzi hao wa kukimbia mbele ya gari walikuwa alama ya ufalme. Yoabu yuko upande wake, Abiathari kuhani yuko upande wake, na karamu inaendelea En-rogeli. Ukihesabu vyeo, Adoniya ameshashinda.

Ila Benaya hakualikwa. Kwa amri ya Daudi, mwanawe Sulemani anapandishwa juu ya nyumbu wa mfalme, Sadoki kuhani na Nathani nabii wanakwenda naye, na Wakerethi na Wapelethi wanamsindikiza mpaka Gihoni anakotiwa mafuta. Mlio wa tarumbeta unafika En-rogeli, waalikwa wa Adoniya wanatawanyika kila mtu na njia yake. Hakuna vita vilivyopiganwa. Yoabu alikuwa na cheo cha jeshi zima, lakini siku hiyo jeshi lilikuwa makwao, na walinzi walikuwa mlangoni pa mfalme. Baadaye Benaya ndiye aliyetumwa kumuua Adoniya, kisha Yoabu akiwa ameshika pembe za madhabahu, na akapewa jeshi badala yake.

Katika Israeli ya kaskazini, ufalme ulipogawanyika baada ya Sulemani, hali ilikuwa nyingine kabisa. Zimri, mkuu wa nusu ya magari ya vita, alimuua mfalme Ela akiwa amelewa huko Tirsa, akatawala siku saba. Jeshi lililokuwa Gibethoni likamtawaza Omri, jemadari wake. Yehu alitoka kambini Ramoth-Gileadi akaufuta ukoo wa mfalme Ahabu. Peka, akida wa Pekahia, alimuua bwana wake katika ngome ya Samaria akiwa na Wagileadi 50. Yuda nako, ufalme wa kusini wa ukoo wa Daudi, wafalme waliuawa, lakini aliyewafuata alikuwa mtoto wao.

Mara moja tu uzi huo ulikaribia kukatika, wakati Athalia, mama wa mfalme Ahazia aliyeuawa, alipowaangamiza wazao wa kifalme. Mtoto Yoashi alifichwa hekaluni miaka sita. Katika mwaka wa saba, yapata 835 KK, Yehoyada kuhani (si yule baba wa Benaya) aliwaita wakuu wa mamia wa Wakari na wa walinzi, akawaapisha, akawaonyesha mwana wa mfalme. Wataalamu wengi huwahusisha Wakari na Karia ya Asia Ndogo. Wengine huona ni Wakerethi walewale. Mpango wenyewe ulikuwa wa werevu: ulifanyika siku ya sabato, zamu zilipopokezana. Walioingia zamu walishika ikulu na malango kama kawaida, na waliotoka, badala ya kwenda kupumzika, walizunguka hekalu na mtoto. Walinzi wote wakawa kazini kwa wakati mmoja. Kuhani akawagawia mikuki na ngao za Daudi zilizotunzwa humo. Athalia aliposikia kelele, mambo yalikuwa yameshakwisha.

2 Mambo ya Nyakati 23 inasimulia habari hiyohiyo bila Wakari. Mahali pao wapo Walawi, na amri ni kwamba asiingie nyumbani mwa BWANA mtu yeyote ila makuhani na Walawi wanaohudumu. Kwangu masimulizi ya 2 Wafalme 11, niliyoyafuata hapo juu, ndiyo ya zamani zaidi, kwa sababu ni vigumu kufikiri kwamba mwandishi wa Yerusalemu angebuni askari wa kigeni akawaingiza hekaluni, ila ni rahisi kuona kwa nini mwandishi wa baadaye angewatoa. Tena Ezekieli 44 inawashutumu Israeli waziwazi kwa kuwaingiza wageni patakatifu na kuweka wengine washike ulinzi wa Mungu kwa niaba yao. Nabii asingekemea desturi ambayo haikuwapo.