Anasoma Vizuri, Lakini Ameelewa?

Soma sentensi hizi: "Mbuda alipega kitunje shambuloni. Kitunje kikavoza." Sasa jibu maswali. Nani alipega kitunje? Alikipega wapi? Kitunje kikafanya nini?

Bila shaka umepata yote matatu, ingawa maneno hayo nimeyabuni na hayana maana yoyote. Maswali mengi ya ufahamu tunayoandika ubaoni Darasa la Kwanza na la Pili ni ya namna hiyo. Mtoto hutafuta neno la swali kwenye habari, akanakili lililo jirani nalo, akapewa vema.

Kiswahili kinaufanya mtego huu kuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa kinasomwa kama kinavyoandikwa. Mtoto aliyeshika silabi zake anaweza kutamka ukurasa mzima bila kukwama, na mzazi akafurahi. Mwaka 1986 wataalamu Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kusoma ni zao la kutamka maandishi mara kuelewa lugha. Ni kuzidisha, si kujumlisha: upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri. Tangu 2015, mtaala wa madarasa haya mawili nchini Tanzania ulipojikita katika KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), walimu wamepata mbinu nyingi za upande wa kutamka. Huu wa kuelewa bado tunauachia maswali ya kunakili.

Kipimo changu kwa shughuli yoyote ya darasani ni hiki: je, mtoto anaweza kuimaliza bila kuelewa? Kama anaweza, nitafute nyingine.

Chukua habari hii: "Mbwa alimkimbiza paka mpaka jikoni. Alipomkaribia, akaparamia kabati, akamwacha akibweka chini." Nani yuko juu ya kabati? Mtu mzima hata hajiulizi. Mtoto wa miaka saba anaweza kupotea, maana mbwa ni "a" na paka ni "a", na ndani ya baadhi ya vitenzi mna "m" ambaye hajatajwa jina. Wape kila kundi la watoto watano vizibo viwili vya soda, kimoja mbwa, kingine paka, na boksi la chaki liwe kabati. Mmoja asome sentensi moja, kisha anyamaze. Mwingine asogeze vizibo. Waliobaki wakubali au wapinge, kisha wabadilishane zamu. Ubishi utakaozuka juu ya nani amepanda kabati ndiyo somo lenyewe, kwa hiyo mwalimu asikimbilie kuuamua. Awarudishe kwenye sentensi. Arthur Glenberg na wenzake, katika utafiti waliouchapisha 2004 huko Marekani, waliona kwamba watoto wa madarasa ya mwanzo waliosogeza vitu vya kuchezea kufuata sentensi walikumbuka na kuelewa zaidi kuliko waliosoma tu. Wao walitumia wanyama wa plastiki. Vizibo vinatosha.

Hatua ngumu zaidi ni kuelewa kisichoandikwa. "Asha alifika shuleni sare ikichuruzika maji. Mwavuli wa mwalimu ulikuwa umetundikwa mlangoni, nao unadondosha." Uliza hali ya hewa ilikuwaje, uone watoto wanavyolisaka neno "mvua" na kulikosa. Hapa tuna hazina ambayo wakati mwingine tunaifungia kwenye kipindi cha fasihi: vitendawili. "Kuku wangu katagia mibani." Mtoto anayejibu "nanasi" ameunganisha dalili na anachokijua tayari, na ndivyo msomaji afanyavyo. Basi anza kipindi kwa kutega viwili vitatu, lakini usiishie kwenye jibu. Uliza, "Umejuaje?" Akisema majani ya nanasi yana miba, peleka swali hilohilo kwenye habari ya Asha: umejuaje kwamba mvua ilinyesha? Onyesha kwa kidole sentensi iliyokuambia. (Na wakishindwa, dai mji wako kama kawaida. Wataupenda mchezo zaidi.)

Ziko shughuli nyingine zisizohitaji maelezo marefu. Mwalimu asome upya habari ileile huku akiharibu jambo moja kwa makusudi, darasa limkamate. Mtoto akae kiti cha mbele awe Sungura, wenzake wamhoji kwa nini alimdanganya Fisi. Habari ikatwe nusu, kila mtoto achore anachodhani kitafuata, halafu isomwe iliyobaki. Usisahihishe uzuri wa mchoro. Aliyechora Sungura bila masikio lakini akamweka mahali panapoendana na habari ameelewa.

Najua hoja mtakayoleta: darasa lina watoto themanini, na mthibiti ubora akija anataka kuona kazi kwenye madaftari. Kwa wingi wa watoto, nusu wafanye vizibo huku nusu wakichora, kesho wabadilishane. Kwa daftari, kila mtoto aandike sentensi moja chini ya mchoro wake inayoanza na "Nimejua kwa sababu…" Sentensi hiyo itamwambia mwalimu, na mthibiti pia, mengi kuliko majibu matano yaliyonakiliwa.