Oda ya jumla ya machapisho ya matangazo: maana yake na hesabu yake

Oda ya jumla, kwa wachapaji, ni kazi moja inayochapwa nakala nyingi kwa mkupuo mmoja: vipeperushi 5,000, brosha 2,000, kadi za biashara 1,000, au stika za kubandika kwenye bidhaa. Wateja wengi huielewa kama ununuzi wa jumla wa dukani, kwamba ukichukua vingi unapunguziwa. Lakini mwenye duka hukupunguzia kwa kukata faida yake ili mzigo utoke haraka. Kwa mchapaji, gharama yenyewe ya kila nakala imeshuka, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha hutumika kabla nakala ya kwanza haijatoka kwenye mashine.

Kazi kubwa za karatasi kwa kawaida hupigwa kwa mashine ya ofseti. Kazi ya mteja hugawanywa katika rangi nne, yaani siani, majenta, njano na nyeusi, na kila rangi hutengenezewa pleti yake, bamba jembamba la alumini. Pleti hushika wino penye picha na maandishi, na hushika maji palipo patupu. Kutoka hapo wino huhamia kwenye mpira uliozungushwa kwenye silinda, na mpira huo ndio unaogusa karatasi. Kabla ya kuanza, fundi hufunga pleti, huzilinganisha ili rangi nne zikae mahali pamoja bila kuachana hata kidogo, hupima wino, kisha hupitisha karatasi za majaribio ambazo zote huishia kwenye taka. Shughuli hiyo ni ile ile, uwe umeagiza nakala 500 au 50,000.

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Tuseme maandalizi ni 100,000 na kila nakala, kwa karatasi, wino na muda wa mashine, ni 50. Nakala 500 zitagharimu 125,000, sawa na 250 kila moja. Nakala 1,000 ni 150,000, au 150 kila moja. Kwa 5,000 jumla ni 350,000 na kila moja imefika 70. Kwa 10,000 imefika 60. Kwa 20,000 ni 55. Angalia jinsi mteremko unavyolala. Mwanzoni bei huporomoka, lakini kutoka 10,000 kwenda 20,000 unaokoa 5 tu kwa kila nakala huku ukitoa 500,000 zaidi. Haiwezi kushuka chini ya 50 hata ukiagiza milioni, maana karatasi na wino haviishi kulipiwa.

Hesabu hiyo unaweza kuifanya kinyumenyume ukitaka kujua mchapaji anakutoza nini. Omba bei ya viwango viwili, tuseme 1,000 na 5,000. Tofauti ya bei igawe kwa tofauti ya nakala: 200,000 kwa 4,000 ni 50. Hiyo ndiyo gharama ya kila nakala, na kinachobaki ni maandalizi. Sioni kwa nini watu hukubali bei moja bila kuomba ya pili, na hali kuuliza ni bure.

Uchapaji wa dijitali una hesabu yake tofauti. Hauna pleti, kwa hiyo nakala ya kwanza na ya mia hugharimu karibu sawa, na kila nakala inaweza kubeba jina au namba yake. Kwa nakala 100 au 200, dijitali hushinda karibu kila mara. Kadiri idadi inavyopanda hufika mahali ofseti inapoipita, na mahali hapo hutofautiana kwa mashine, saizi na karatasi. Ndiyo maana mchapaji yule yule anaweza kukupa bei nzuri ya 200 na nzuri ya 5,000, kisha ya 800 ikakushangaza.

Balaa la oda kubwa huonekana baadaye, stoo. Mtu huagiza 5,000 kwa sababu bei ya 70 inavutia, akagawa 1,500, kisha namba ya simu ikabadilika au ofa ikapita. Alilipa 350,000, kwa hiyo kila kipeperushi kilichofika mkononi mwa mteja kimemgharimu 233 na ushee. Angeagiza 1,500 angelipa 175,000, takriban 117 kila kimoja. Kwa maoni yangu, kipimo cha kutazama ni hicho, gharama ya kila nakala iliyogawiwa. Bei ya kila nakala iliyochapwa ina faida kwa mchapaji kuliko kwako. Basi anza na mgawanyo: nani atavigawa, wapi, kwa muda gani, na habari iliyomo itabaki kuwa kweli hadi lini. Kadi isiyo na tarehe wala bei inaweza kuagizwa ya mwaka mzima. Kipeperushi cha punguzo la wiki mbili, hapana.

Wachapaji wana njia ya katikati ambayo wateja wengi hawaiulizii. Sehemu zisizobadilika, kama picha na nembo, huchapwa kwa wingi kwa rangi zote, na nafasi ikaachwa wazi. Bei, tarehe au anwani ya tawi huongezwa baadaye kwa rangi nyeusi kwa kiasi kidogo kidogo. Ukiwa na matoleo ya lugha mbili pia, na maandishi yote yakawa meusi matupu, hubadilishwa pleti moja tu ya nyeusi na zile tatu nyingine hubaki zilivyo. Hilo lazima liamuliwe wakati wa usanifu, kwa sababu maandishi meupe juu ya picha ya rangi yanagusa pleti zote nne.

Uzito nao husahaulika. Karatasi hupimwa kwa gramu kwa kila mita mraba, na karatasi ya saizi ya A0 ina eneo la mita mraba moja. A5 ni sehemu ya 32 ya A0, hivyo kipeperushi cha A5 cha karatasi ya gramu 130 kina uzito wa gramu 4 hivi. Nakala 10,000 ni kilo 40 na ushee. Kama unavituma kwa posta au kwa basi, gharama ya usafirishaji inaweza kula akiba yote uliyoipata kwa kuongeza idadi.

Kosa moja katika faili hujirudia katika kila nakala, kwa hiyo oda kubwa haivumilii haraka. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi kwa saizi itakayochapwa. Rangi ziwekwe katika mfumo wa rangi nne za wino, maana buluu kali ya kioo cha simu hufifia ikifika kwenye karatasi. Rangi inayofika ukingoni ipitishe milimita 3 nje ya mstari wa kukata. Kurasa za kijitabu kilichopigwa pini katikati zigawanyike kwa 4. Kisha idai prufu ya karatasi, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, uisome namba ya simu tarakimu kwa tarakimu, ikiwezekana kwa kuipiga. Ukishasaini prufu, kosa lililobaki humo huwa ni lako.

Na kabla ya kulipa, soma kifungu cha idadi. Karatasi huharibika wakati wa kuchapa, kukunja na kukata, ndiyo maana desturi ya zamani ya biashara hii humruhusu mchapaji kuleta pungufu au ziada, mara nyingi hadi asilimia 10, na ankara ikafuata idadi iliyoletwa. Ukihitaji 5,000 kamili, kwa mfano kwa sababu kila moja inaingia ndani ya boksi la bidhaa, iandikwe kwenye oda kwamba zisipungue.