Milima Siyo ya Kijani Tu: Dhana Potofu Kuhusu Rangi na Utulivu wa Mlima

Waambie watoto wa Mbeya wachore mlima, karatasi karibu zote zitarudi na kijani. Hata watu wazima tunaoshika brashi huanza hivyo hivyo: mlima una miti, basi ni wa kijani. Sijui dhana inayoharibu picha nyingi kuliko hii.

Jaribu hivi. Kunja ngumi uache kitundu, fumba jicho moja, uitazame Loleza, mlima ulio juu ya mji. Kijani chake utakiona. Sasa igeukie safu ya Uporoto kule mbali, kwa kitundu kilekile: ni bluu yenye majivu, ingawa misitu ipo. Hewa iliyo kati yako na mlima hutawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu, na kadiri mlima ulivyo mbali ndivyo bluu hiyo inavyoufunika. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia, aliliandika jambo hili miaka 500 hivi iliyopita.

Utulivu wa kiroho nao unaanzia hapo. Mlima wa mbali hupoteza miti na njia zake, hubaki umbo moja lililopoa, na moyo unatulia nao. Anayeongeza miale ya dhahabu mawinguni ili picha iwe takatifu anakifukuza kilekile anachokitafuta. Wachoraji wengi wa kale wa China, katika michoro waliyoiita "milima na maji", walitumia wino na maji tu, ukungu wakauachia karatasi tupu. Mbele ya milima ile mtu hunong'ona.

Wapo wanaosema Nicholas Roerich, Mrusi aliyechora Himalaya, alijitungia zile bluu nzito na urujuani. Alizikoleza, ndiyo, lakini hakuzitoa kichwani: aliishi bonde la Kullu, India, tangu 1928 hadi alipofariki 1947, milima ikiwa mbele yake. Tena alipenda rangi za tempera (unga wa rangi uliochanganywa na kiini cha yai au gundi), ambazo zikikauka hazing'ai, hivyo jicho haligongani na mng'ao wa juu. Linaingia moja kwa moja kwenye rangi.

Kuhusu dhana nyingine, kwamba kivuli ni cheusi, sina mengi. Upande usiopigwa na jua bado unapokea mwanga wa anga, nao ni wa bluu. Jioni isiyo na mawingu itazame Loleza: kilele kina rangi ya chungwa lililoiva, makorongo yameshajaa zambarau. Tubu ya rangi nyeusi iache nyumbani.